Picha Mama

Kabla hamjaanza kunicheka, nisikilizeni mpaka mwisho. Hapa Ngokolo kila mtu anaisimulia hadithi hii kwa namna yake. Wapo wanaosema Mama Jilala alijitangazia kifo kwa posta. Wapo wanaosema nilikula matanga yangu mwenyewe na kujilamba vidole. Mwenye hadithi ni mimi, Nyamizi, na mdomo ninao, kwa hiyo nitaisimulia mwenyewe.

Mwanangu wa kwanza, Jilala, aliondoka hapa mwaka wa hamsini kwenda Geita kuchimba dhahabu kwenye mgodi wa Wazungu. Alikuwa na miaka ishirini, ndevu zenyewe za kuhesabu. Lori lililokuja kukusanya vijana lilisimama karibu na soko, yeye akapanda na blanketi lake, akainama toka juu akasema mbele za watu, “Mayu, sirudi mpaka nikuletee jiko la chuma, lenye mlango na mpini. Umeoka kwenye kichuguu vya kutosha.”

Na mimi, na mdomo wangu huu, nikamjibu, “Haya! Basi ukirudi bila jiko usipite mlangoni kwangu!”

Watu wakacheka, yeye akacheka, hata dereva akacheka. Utani wa mama na mwana. Neno lile nililisahau kabla vumbi la lori halijatua, maana nilikuwa nalia, na mtu anayelia hakumbuki alichosema.

Kichuguu chenyewe mnakijua, kiko nyuma ya nyumba mpaka leo. Mume wangu Masele alikichimba tumboni mwaka tuliohamia, kikawa jiko. Unawasha moto ndani mpaka kuta ziwe nyekundu, unatoa makaa, unaingiza mkate, unaziba mdomo kwa bati na udongo, halafu unasubiri huku unasali. Kuoka nilijifunza nikiwa msichana, jikoni kwa masista wa misheni. Niliosha masufuria yao miaka mitatu kabla sijaruhusiwa kugusa unga. Mkate wao ulikuwa mweupe, mwepesi, ukiubonyeza unainuka. Unga wao ulikuja kwenye makopo na hamira yao vilevile.

Nilipoolewa sikuwa na makopo. Nikachukua unga wa ata, ule wa ngano wenye rangi ya kahawia, dukani kwa Mhindi, sukari guru, samli ya ng'ombe wa baba mkwe, na kwa hamira nikatumia pombe ya mtama changa, ile inayochemka yenyewe chunguni bila moto. Mkate wangu hutoka wa kahawia iliyokolea, mzito, unanukia pombe kwa mbali. Mwaka mmoja sista mmoja alipita hapa siku ya Pasaka, nikamkatia kipande. Akatafuna, akasema, “Mtamu sana, Nyamizi. Pole tu, umekuwa mweusi.” Pole! Pole ile imenikaa kooni tangu siku hiyo, na mtaona ilivyokuja kuniponza.

Kwetu mkate mkubwa huokwa Noeli. Na kwetu fungu la asiyekuwepo hukatwa kwanza, hata kabla ya fungu la baba. Ndivyo mama yangu alivyofanya kwa ugali wakati kaka zangu walipokuwa machungani, mimi nikahamishia kwenye mkate. Noeli ya kwanza bila Jilala nilikata fungu lake, la pembeni lenye ganda nene, maana tangu mtoto aligombania ganda. Nikaliweka kwenye kitunga, nikakitundika juu ya mlango. Likakauka. Siku ya Mamajusi nikaliteremsha nikawapa kuku, nikaingia ndani nikalia mpaka Masele akadhani nimeng'atwa na nyuki.

Noeli ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo. Nilituma barua nne, binti yangu Generosa akiandika na mimi nikisema. Majibu yakaja mawili, kila moja maneno matano: mimi mzima, msalimieni baba, kwaheri. Mtoto aliyekuwa akiniambia hata ndoto zake!

Nitasema wazi, sina haya: nilikuwa naumwa na mtoto huyo. Nilikuwa nakwenda kwenye sanduku lake nanusa shati alilosahau, mpaka harufu ikaisha nikawa nanusa sanduku tu. Kila lori la Kahama likisimama barabarani mimi niko nje, mikono ina unga.

“Nyamizi,” Masele ananiambia, “mtu wa Geita huja kwa treni kutoka Mwanza. Lori la Kahama atatokea wapi?”

“Najua. Natazama tu.”

“Unatazama nini?”

“Lori!” Sasa angetaka nimwambie nini?

Basi Noeli ya nne ikakaribia, mwaka wa hamsini na tatu. Siku moja mwanzoni mwa Desemba nilikwenda dukani kununua unga, nikaliona kopo la biskuti rafuni. Lilichorwa biskuti zenyewe, na kikombe cha chai kando yake, na mvuke. Biskuti zile sijazila maishani mwangu, lakini mate yalinijaa mdomoni nikameza mara mbili. Nikasimama pale pale. Nikawaza: kama picha ya kitu nisichokijua imenitia njaa, picha ya mkate wangu itamfanya nini mtoto aliyeula tangu hana meno? Mkate kwenda Geita ungefika na ukungu. Picha haioti ukungu.

Nikaenda moja kwa moja sokoni kwa Marselino, mpiga picha. Marselino alikuwa na sanduku lake la mbao lenye miguu mitatu, na mfuko wa kitambaa cheusi ubavuni ambamo alikuwa akiingiza mkono na kufanya mambo yake gizani.

“Shikamoo, Mama Jilala.”

“Marahaba. Jumamosi uje kwangu, upige mkate.”

“Nipige nini?”

“Mkate. Picha.”

“Wewe utakaa upande gani wa mkate?”

“Mimi sikai. Mkate peke yake.”

Akacheka mpaka akashika miguu ya sanduku lake. “Mama, mimi nimepiga maharusi, nimepiga machifu, nimepiga hata maiti. Mkate huwa haupigwi, mkate huliwa!”

“Na wewe utaula ukimaliza kuupiga,” nikamwambia. Hapo akakubali.

Ijumaa nikaoka. Sijawahi kuoka kwa uangalifu vile, wala siku ya harusi yangu. Jumamosi asubuhi tukatoa meza nje juani, kwa sababu Marselino alisema sanduku lake linakula mwanga. Generosa akatandika kitambaa chake cheupe alichokifuma maua pembeni. Nikaweka mkate katikati, kisu kando, kikombe cha chai ya maziwa, na nyuma ya meza kiti kitupu. Kiti cha Jilala. Nilitaka akione kiti chake kinamsubiri.

Marselino akazunguka meza akaanza ujuzi wake. Kwanza akaomba samli, akaupaka mkate mgongoni ung'ae. Sawa, nikampa. Kisha akasema mvuke wa chai hauonekani kwenye picha, na maziwa yanaonekana kama maji ya kunawia, kwa hiyo nilete sabuni tutengeneze povu juu ya kikombe.

“Sabuni kwenye chai ya mwanangu?”

“Hainyweki hii, mama, ni picha tu! Povu litapendeza.”

“Marselino, mwanangu amekua kwa maziwa. Ataliona povu la sabuni akiwa huko huko Geita, atasema mama amekuwa mwongo. Piga kilichopo.”

Akapiga kilichopo. Akajifunika, akafunua kifuniko cha kioo, akahesabu kwa midomo, akafunika. Akaingiza mkono kwenye ule mfuko mweusi, akawa anapapasa humo kama mtu anayemzalisha mbuzi. Akatoa karatasi ya kwanza, akaiosha kwenye ndoo. Kisha akaisimamisha karatasi ile mbele ya sanduku, akaipiga nayo picha, akapapasa tena, akatoa karatasi ya pili.

“Mbona mbili?” nikauliza.

“Hii ya kwanza ndiyo mama,” akasema. “Hii ya pili ndiyo mtoto. Mama anamzaa mtoto. Wewe unachukua mtoto. Mama ni ya kutupa.”

“Mama ni wa kutupa? Ebo! Nani kakufundisha hivyo?”

“Ni lugha ya kazi, Mama Jilala, usikasirike.”

“Lete zote mbili.” Akaleta zote mbili, akala mkate wake robo nzima, akabeba miguu mitatu akaenda zake.

Jioni ile, Masele akiwa hajarudi kutoka kinuni alikokuwa akifanya kazi ya pamba, na Generosa yuko kwenye mazoezi ya kwaya, nikakaa mlangoni na picha zangu mbili mapajani. Nikaitazama ya mtoto. Moyo ukanidondoka. Kitambaa kilikuwa cheupe, sawa, kiti kilionekana, lakini mkate wangu! Mweusi tititi. Umeungua! Ule ule mkate niliouweka mezani wa kahawia nzuri, pale karatasini umekuwa kaa. Nikamsikia yule sista kabisa: pole tu, umekuwa mweusi. Nikawaza, Jilala ataona nini? Ataona mama yake amezeeka, macho hayaoni moto, anaunguza mkate wa Noeli.

Nikaitazama ya mama. Loo! Mkate mweupe. Mweupe kuliko wa masista, unang'aa juu ya meza. Ni kweli kitambaa kilikuwa kimegeuka cheusi, maana kwenye karatasi ya mama nyeusi na nyeupe hubadilishana, na chai pia haikueleweka, lakini nikasema kitambaa si kitu, mtu hali kitambaa. Miaka yote nimetamani kuoka mkate wa namna ile, na sasa huu hapa nimeupata bila kopo hata moja. Na tena nikajiambia, mwanangu aliye mbali anahitaji nini? Anahitaji mama. Basi mama aende Geita, na mtoto abaki hapa nyumbani nimkumbatie.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Siku ile zangu zilikuwa zimenyolewa.

Generosa alikuwa ameshaandika bahasha: jina la kaka yake, kambi, Geita, kupitia Mwanza. Alitaka kuandika na barua, nikamkataza. Nilimwambia, “Barua nne zimetosha. Mara hii asome kwa macho.” Jumatatu nikapeleka posta mwenyewe. Generosa alipouliza nimetuma ipi, nikasema, “Ile nzuri.” Na ile ya mtoto nikaificha chini ya sanduku, maana niliionea aibu.

Nikasubiri. Kila treni iliyopiga honi nilikuwa nahesabu: ashuke, avuke reli, apite sokoni, afike. Nilihesabu mpaka kwenye kizingiti. Hakuna mtu. Usiku wa Noeli kanisani, wakati wote wanaimba Utukufu, mimi shingo imegeukia mlangoni, mpaka jirani yangu Klara akanifinya paja. Siku yenyewe Masele akashika kisu. Akanitazama. Akakata fungu la Jilala kwanza, la pembeni lenye ganda, akanipa. Nikalitia kitungani, nikakitundika. Nikamwambia Mungu hivi, kwa mdomo, si kimoyomoyo: “Kama hata mkate wangu haumwiti, basi mimi huyu mtoto nimempoteza.” Mkate wa mwaka ule sikuonja. Ulikuwa unapita mdomoni kama pamba.

Siku nne baada ya Noeli, asubuhi, mvua imekatika, mimi niko nyuma nazibua kichuguu kilichoingia maji. Nikasikia kilio. Kilio cha mwanamume, kinatoka upande wa reli, kinakaribia. Klara naye akatoka nyumbani kwake ameshika kichwa.

“Nani kafa?” akauliza.

“Sijui. Masikini. Hebu twende.”

Nikanawa mikono, nikajifunga kanga kiunoni, nikatoka na Klara kwenda kuomboleza. Nawaambieni ukweli wa Mungu, nilikuwa nimeshaanza na kulia kidogo, kwa adabu. Tukakunja kona ya uzio wetu. Nikamwona kijana amenyolewa upara, mfuko mkubwa begani, machozi na makamasi pamoja, anaita, “Mayu! Mayu wangu! Umeniacha!”

Alikuwa Jilala.

Akaniona. Akasimama. Mfuko ukamponyoka ukaanguka chini, unga mweupe ukamwagika kidogo kwenye tope. Akarudi nyuma hatua tatu, mwanamume mzima anayeingia chini ya ardhi kila siku.

“Umekufa,” akasema.

“Nani kakwambia nimekufa?”

“Wewe mwenyewe.”

Akatia mkono kifuani, akatoa ile picha. Ilikuwa imekunjamana na imelowa jasho. Nikamwambia, “Mimi nimekutumia mkate wa Noeli!” Na hapo nikamvamia, nikamshika masikio, nikamshika kichwa kile cha upara, nikampiga mgongoni ngumi kama tano hivi na kila ngumi nikambusu. Yeye alikuwa ananipapasa mikono tu, vidole, viwiko, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Klara alikaa chini njiani akacheka na kulia kwa pamoja, ndiye aliyeieneza hadithi hii mji mzima.

Tulipoingia ndani Jilala akaiweka picha mezani, akanieleza alivyoisoma. Ilimfikia siku mbili baada ya Noeli, maana lori la posta lilikwama kwenye matope. Alipoifungua aliona meza imefunikwa kitambaa cheusi, kama kanisani siku ya misa ya wafu. Akaona kiti kitupu.

“Kiti kile nilikuwekea wewe,” nikasema.

“Mimi nilijua ni chako.”

Lakini hata hapo, akasema, hakuamini. Mzee mmoja wa chumbani kwao, Eustace, mtu wa Bukoba, alimwambia huenda ni mapambo tu ya sikukuu. “Ndipo nikautazama mkate, mayu. Ulikuwa mweupe. Nikamwambia Eustace, mama yangu hajawahi kuoka mkate mweupe. Huu umeokwa na mtu mwingine. Na mama yangu akiwa hai, hakuna mtu mwingine wa kuoka Noeli katika nyumba ile. Nikajua umekwisha.”

Nilikataa povu la sabuni nikidhani mimi mkweli, kumbe nimetuma uongo mkubwa kuliko kikombe. Mwanangu alikuwa anautafuta mkono wangu kwenye picha ile, mkono wenyewe nimeuficha chini ya sanduku kwa kuona haya.

Kisha hasira ikanipanda. Ndivyo nilivyo, furaha ikinizidi inageuka hasira. Nikamwambia, “Jilala! Barua nne nimekutumia, hukuja. Noeli nne nimekukatia fungu, hukuja. Leo umesikia nimekufa, umekuja siku ile ile. Kwa hiyo kwa mkate huji, kwa maiti unakuja? Nife kila mwaka?”

Akainamisha kichwa. Akawa anakwangua tope kwenye ukucha wa gumba.

“Ulisema nisipite mlangoni bila jiko.”

“Nilisema nini?”

“Kwenye lori. Ulisema nikirudi bila jiko nisipite mlangoni kwako. Jiko nimeliona Mwanza dukani, lenye mlango na mpini, kila nikilikaribia linanikimbia bei. Mara mbili nimefika mpaka Mwanza nikageuka nikarudi Geita. Mkono mtupu haulambwi, mayu. Ningeingiaje?”

“Na leo umeingiaje?”

“Msibani mtu haulizwi amekuja na nini,” akasema.

Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, lakini wangu haukuponza kichwa changu, uliponza miguu ya mtoto wangu. Miaka mitatu na ushei! Nilikuwa nalaumu Geita, nalaumu Wazungu, nalaumu wasichana wa huko nisiowajua hata majina, kumbe aliyefunga mlango ni mimi, kwa neno la utani, na kufuli yenyewe nikaisahau. Nikamwomba radhi mwanangu. Nilipiga magoti, Masele alitukuta hivyo, naye akamshika Jilala begani akamwambia, “Karibu nyumbani, baba,” kisha akatoka nje kukohoa kikohozi kisichokuwa na mafua.

Nikateremsha kitunga. Fungu lilikuwa la siku nne, gumu. Jilala akalichovya kwenye chai, akalitafuna ganda lote, akalamba na vidole. Halafu akasema, “Huu ndio.”

Na ule mfuko? Ule ulikuwa rambirambi. Wenzake wa kambini walichanga unga na sukari wakampa aje nao kwenye matanga yangu, na mpishi wa Wazungu akaongeza unga wake mweupe, ule wenyewe wa masista. Maisha yangu yote nilikuwa nautamani unga ule, nikaja kuupata kwa kufa. Kesho yake nikaukanda. Mkono ukasimama juu ya bakuli. Ningeweza kuoka mkate mweupe kweli, mweupe kuliko ule wa karatasini. Nikaigeukia sukari guru, nikaiyeyusha nyingi, nikamimina mpaka unga ukawa rangi ya kichuguu chenyewe. Generosa akasema, “Mama, unauharibu!” Nikamwambia, “Naurudisha kwenye rangi yake.”

Marselino alipita na sanduku lake, habari zimemfikia sokoni, anataka apige picha ya marehemu aliyefufuka. Nikamwambia, “Leo unakula, hupigi.” Akala. Tulimaliza mikate miwili, na wa tatu nikamfungia Jilala awapelekee wale waliochanga, aseme marehemu anawashukuru.

Ruhusa yake ilikuwa ya siku tano tu, na mbili zilishakwisha njiani. Siku ya tatu nikamsindikiza kwenye treni. Nikamwambia mbele za watu, kwa sauti ile ile niliyotumia siku ya lori, “Ukija na jiko usipite mlangoni kwangu! Njoo mikono mitupu!” Akacheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Kabla treni haijaondoka nikampa ile picha ya mtoto, nimeitoa chini ya sanduku, yenye mkate mweusi. Akaitazama, akacheka tena, akasema, “Huyu ndiye mama.” Nikamwachia.

Tangu hapo kila Desemba Marselino anakuja, tunaweka meza juani, na ninayoituma Geita ni ile yenye mkate mweusi. Jilala akiipata anajua: jiko la kichuguu lipo, mama yupo, njoo ule. Na anakuja, siku tatu, nne, mikono mitupu kama nilivyoagiza. Jiko la chuma halijafika mpaka leo. Akishaondoka nabaki na miezi kumi na moja, na miezi hiyo ni mirefu, nisiwadanganye. Ile ya kwanza yenye kitambaa cheusi ninayo hapa sandukuni, na ikifika mwezi wa saba, nikimkumbuka sana, mkono unaniwasha kuitia kwenye bahasha. Najua angefika kwa treni ya kwanza. Sijaituma.

Ila Generosa nimemwagiza jambo moja, na nyinyi mliokaa hapa mnicheke au msinicheke, muwe mashahidi. Siku nikifa kweli, hiyo yenye kitambaa cheusi wasimtumie. Wamtumie ile yenye mkate ulioungua, hata kama si Noeli, ili mwanangu apande treni akidhani anakuja kula, na njia nzima toka Geita aje anacheka.